Josh Gibson: mdakaji aliyenyimwa Ligi Kuu anaongoza vitabu vyake miaka 77 baada ya kifo

Mwishoni mwa mwezi wa tano 2024, viongozi wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, Major League Baseball, walitangaza kwamba jina la kwanza kwenye orodha ya wapigaji bora wa historia yao limebadilika. Ty Cobb, mzungu aliyekaa pale juu miaka na miaka, alishuka kwenye nafasi ya pili. Aliyemtoa ni Josh Gibson, mtu mweusi aliyefariki mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 35, na ambaye hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Si kwa kupenda kwake. Wakati wa maisha yake yote, Ligi Kuu haikupokea mchezaji mweusi.

Kwa wale waliozoea kabumbu, ni vizuri kueleza mchezo wenyewe kidogo. Katika besiboli, mrushaji anatupa mpira mdogo na mgumu kwa nguvu, na mpigaji wa ekipe nyingine anasimama na gongo la mti akijaribu kuupiga mbali. Nyuma ya mpigaji, akiwa amechuchumaa, ndipo anakaa mdakaji. Anavaa kinyago cha chuma, kinga ya kifua na ya miguu, na glovu nene mkononi, kwani kila mpira usiopigwa unamfikia yeye, na mingine inamgonga mwilini. Ni yeye anayemwonyesha mrushaji kwa alama za vidole mpira wa aina gani autume. Ni yeye peke yake anayeuona uwanja wote mbele yake, kama kipa. Kazi hiyo inaharibu magoti na kuvunja vidole, na ndiyo sababu wadakaji wengi hawategemewi sana kwa kupiga. Gibson alifanya zote mbili: alichuchumaa kila siku, na alipiga kuliko wale ambao hawakuchuchumaa.

Alizaliwa tarehe 21 mwezi wa 12 mwaka 1911 huko Buena Vista, muji mdogo wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake, Mark Gibson, aliishi kwa kulima, katika jimbo ambako sheria zilitenga weusi na wazungu kwenye masomo, kwenye treni na mpaka kwenye bomba la maji ya kunywa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mark alielekea kaskazini, Pittsburgh, muji wa viwanda vya chuma, kama walivyofanya mamia ya maelfu ya watu weusi wa wakati ule. Alipopata kazi kiwandani aliita bibi yake Nancy na watoto wao watatu. Josh, mkubwa wao, alikuwa anaanza ujana.

Kijana alianza kujifunza kazi ya fundi umeme, lakini hakukaa sana kwenye masomo. Alifanya kazi ya kiwanda, kisha akaendesha asanseri katika duka kubwa la Gimbels. Duka hilo lilikuwa na ekipe yake ya besiboli, na hapo watu walianza kumwona: kijana wa kifua kipana na mikono minene, ambaye mpira ukigusa gongo lake haurudi karibu. Alipokuwa na miaka 16 au 17 aliingia Crawfords, ekipe ya vijana wa mtaa. Hawakuwa na mshahara. Kofia ilipitishwa kati ya watazamaji, na kilichoingia ndani waligawana.

Wakati ule, kwa mchezaji mweusi, njia ilikuwa moja tu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa ya kuwakataza weusi kucheza Ligi Kuu. Yalikuwa mapatano ya wenye ekipe, yasiyosemwa kwa sauti, na yenye nguvu kuliko sheria. Mweusi aliyejulikana kucheza kwenye ligi ya ngazi hiyo kabla ya mlango kufungwa alikuwa Moses Fleetwood Walker, aliyechezea Toledo mwaka 1884. Naye pia alikuwa mdakaji. Baada yake, weusi walijitengenezea ligi zao, na mwaka 1920 Rube Foster alianzisha ile ya kwanza iliyosimama imara. Huko ndiko Gibson alikoelekea.

Mwaka 1930 Josh aliingia Homestead Grays, ekipe kubwa ya upande wa Pittsburgh, iliyoongozwa na Cumberland Posey. Watu wa besiboli wanapenda kusimulia kwamba usiku mmoja wa mwezi wa 7, Grays wakicheza na Kansas City Monarchs chini ya taa, mdakaji wao aliumia kidole, na Gibson akaitwa kutoka kwa watazamaji aje avae kinyago. Wachunguzi wa historia wana mashaka na simulizi hiyo. Jambo lisilo na mashaka ni kwamba katika majira hayo, akiwa na miaka 18, alikuwa tayari mdakaji wa Grays.

Mwezi uliofuata, katika wiki ambazo zingekuwa za furaha kubwa, bibi yake Helen alifariki akijifungua mapacha. Watoto, mvulana na msichana, waliishi. Waliitwa Josh na Helen, majina ya baba na mama yao. Wazazi wa marehemu waliwachukua kuwalea, na baba akarudi kwenye basi la ekipe. Wanaotafuta mwanzo wa huzuni iliyomfuata mtu huyu huanza na miaka yake ya mwisho. Pengine wangeanza hapa.

Maisha ya ekipe za weusi yalikuwa maisha ya barabara. Mechi za ligi hazikutosha kulipa mishahara, hivyo Grays na wenzao walizunguka kutoka muji hadi muji wakicheza na yeyote aliyekubali: ekipe za viwanda, ekipe za vijiji, hata ekipe za wazungu wa Ligi Kuu waliokuwa wamemaliza shampiona yao na kutafuta pesa za ziada. Siku moja iliweza kuwa na mechi mbili au tatu. Hoteli nyingi hazikuwapokea, wakalala ndani ya basi na kula walichonunua kwa mlango wa nyuma. Msomaji akumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo litakaloleta ugomvi wa hesabu baadaye: sehemu kubwa ya mechi alizocheza Gibson hazikuwa za ligi, na nyingi hazikuandikwa popote.

Mwaka 1932 alivuka kwenda Pittsburgh Crawfords, ambayo sasa haikuwa tena ekipe ya vijana wa mtaa. Ilikuwa mali ya Gus Greenlee, tajiri wa bahati nasibu ya magendo, aliyejenga uwanja kwa pesa zake na kuwachukua wachezaji wa Grays mmoja mmoja. Ndani ya ekipe hiyo walikutana Oscar Charleston, Judy Johnson, Cool Papa Bell aliyesifiwa kwa mbio, Gibson mwenyewe na mrushaji Satchel Paige. Wote watano wako leo katika Jumba la Mashujaa la besiboli huko Cooperstown. Ekipe yenye watu watano wa namna hiyo ni nadra hata kwenye Ligi Kuu.

Gibson alikuwa na urefu wa karibu mita 1,85 na uzito unaokaribia kilo 100. Hakuyumba wala kuchukua hatua ndefu wakati wa kupiga. Aligeuza mwili kidogo tu na mikono ikafanya kazi. Mpira ulipaa na kuvuka ukuta wa uwanja, pigo linaloitwa homurani, ambalo linampa mpigaji haki ya kuzunguka vituo vyote bila kukimbizwa. Watu walimwita Babe Ruth mweusi, kwa jina la mzungu aliyekuwa mfalme wa homurani. Walisimulia kwamba aliwahi kuutoa mpira nje kabisa ya Yankee Stadium ya New York, jambo ambalo Ruth mwenyewe hakulifanya. Hakuna maandishi yaliyothibitisha hilo. Udakaji wake mwanzoni haukuwa safi, hasa mipira inayopanda juu moja kwa moja ilimtatiza, lakini alifanya mazoezi mpaka akawa mdakaji wa kutegemewa, mwenye mkono wenye nguvu wa kuwazuia wezi wa vituo.

Mwaka 1937 Crawfords ilianza kuvunjika. Greenlee aliishiwa pesa, Gibson akauzwa kwa Grays. Kabla hajakaa, wajumbe walikuja kutoka Jamhuri ya Dominika. Rais Rafael Trujillo, dikteta aliyekuwa amebadilisha jina la muji mkuu kuwa Ciudad Trujillo, alikuwa na ekipe yenye jina hilohilo, na haikupaswa kushindwa. Paige, Bell na Gibson walichukuliwa kwa pesa nyingi. Wachezaji walisimulia baadaye habari za askari wenye bunduki waliowazunguka. Gibson alipiga kwa wastani wa 0,453 na ekipe ya rais ikachukua kombe. Kisha akarudi Marekani na kumalizia mwaka akiwa na Grays.

Hapa wastani unahitaji maelezo. Ni hesabu ya mara ngapi mpigaji anafaulu kufika kituoni kwa pigo lake. Mwenye 0,300 amefaulu mara 300 katika kila mara 1000, na huyo tayari ni nyota. Maana yake besiboli ni mchezo ambamo hata wakubwa wanashindwa mara 7 kati ya 10. Kipimo cha pili kinahesabu nguvu: pigo la kituo kimoja ni pointi moja, la vituo viwili ni mbili, homurani ni nne. Kwenye kipimo hicho Gibson alipata 0,974 katika mwaka huo wa 1937, na ndiyo rekodi ya mwaka mmoja kwenye vitabu vya sasa. Aliyemtangulia ni Barry Bonds, mwenye 0,863 mwaka 2001.

Kwenye Grays alicheza pamoja na Buck Leonard, na wawili hao wakawa tisho la kila mrushaji. Lakini pesa za nje ziliendelea kumvuta. Mwaka 1940 alienda Venezuela, kisha Mexico. Mwaka 1941 akiwa na ekipe ya Veracruz alipiga homurani 33 katika mechi 94. Posey, ambaye alihesabu kwamba Gibson ana mkataba naye, alimpeleka mahakamani akitaka dola 10 000 na nyumba yake. Waliafikiana, na mdakaji akarudi Grays mwaka 1942. Kabla ya kurudi alikuwa Puerto Rico, ambako ekipe yake ya Santurce ilimwona akipiga kwa wastani wa 0,480. Katika inchi hizo alilala hoteli alizotaka na kula mezani kama watu wengine. Kwa sababu hiyo, mtu hawezi kumlaumu sana kwa kukimbia mkataba wa Posey.

Siku ya kwanza ya mwaka 1943 alianguka na kupoteza fahamu. Inasemekana waganga waliona uvimbe kwenye ubongo na kutaka kumpasua, naye akakataa, akiogopa kubaki mlemavu. Maumivu ya kichwa hayakumwacha tena. Pombe, aliyokuwa akiinywa kwa kiasi, ikawa ya kila siku, na mwaka huohuo alilazwa kwenye hospitali ya magonjwa ya akili huko Washington. Alitoka hospitalini, akaenda uwanjani, akarudi hospitalini. Na ndio mwaka ambao vitabu vinampa wastani wa 0,466, ulio mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote katika mwaka mmoja. Aliyekuwa akishikilia nafasi hiyo ni Hugh Duffy, na 0,440 yake ya mwaka 1894. Grays walichukua ubingwa wa ligi za weusi mwaka huo na uliofuata, mara zote mbili dhidi ya Birmingham Black Barons.

Wakati huo Grays walikuwa wanacheza mechi zao nyingi kwenye uwanja wa Washington Senators, ekipe ya Ligi Kuu. Mwenye Senators, Clark Griffith, alipokea pesa za kodi ya uwanja na kuwaona kwa macho yake mipira ya Gibson ikipita juu ya ukuta. Leonard alisimulia baadaye kwamba Griffith aliwaita wawili hao ofisini na kuzungumza nao juu ya uwezekano wa kucheza Ligi Kuu. Hawakuitwa tena. Kodi iliendelea kuingia. Huko Pittsburgh, gazeti la weusi, Pittsburgh Courier, liliandika mwaka baada ya mwaka kuwadai wazungu wafungue mlango. Pirates wa muji huo walizungumzia kuwajaribu weusi, lakini jaribio halikufanyika.

Mlango ulifunguliwa na Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers, mwezi wa 10 mwaka 1945, kwa kumsainisha Jackie Robinson. Rickey alitafuta mchezaji kijana, aliyesoma chuo kikuu na mwenye uvumilivu wa kutukanwa bila kujibu. Gibson alikuwa na miaka 33, magoti yamekwisha, afya haijulikani kesho itakuwaje. Mdakaji mweusi atakayefika Brooklyn mwaka 1948 ni Roy Campanella, aliyekulia kwenye ligi zilezile akimwangalia Gibson kama kipimo, na ambaye alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu.

Tarehe 20 mwezi wa kwanza 1947, Josh Gibson alifariki Pittsburgh, nyumbani kwa mama yake, kwa kupasuka mshipa wa ubongo. Tarehe 15 mwezi wa nne mwaka huo Robinson aliingia uwanjani na jezi ya Dodgers. Kati ya siku hizo mbili hakuna miezi mitatu, na kwa sababu hiyo watu wengi wamesema Gibson alikufa kwa moyo uliovunjika. Ni simulizi inayovuta machozi, lakini inasahau kwamba aliugua miaka miwili na zaidi kabla jina la Robinson halijatajwa. Ubaguzi ulimnyima kazi, mshahara na majina kwenye magazeti makubwa. Hilo peke yake ni zito vya kutosha bila kuongezewa.

Alizikwa kwenye makaburi ya Allegheny, Pittsburgh, na kwa karibu miaka 30 kaburi lake halikuwa na jiwe lenye jina. Mwaka 1972 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa pamoja na Leonard, mwaka mmoja baada ya Paige. Ni baada ya hapo tu, mwaka 1975, jiwe liliwekwa.

Bamba lake huko Cooperstown linasema alipiga karibu homurani 800, zikiwa pamoja za ligi na za mechi nyingine. Vitabu vya Ligi Kuu vinampa chini ya 200. Hakuna anayedanganya. Bamba lilihesabu kila kitu, pamoja na mechi za vijijini dhidi ya wafanyakazi wa viwanda. Vitabu vinahesabu mechi za ligi peke yake, tena zile ambazo karatasi zake zimepatikana.

Mwezi wa 12 mwaka 2020, Ligi Kuu ilikubali kwamba ligi saba za weusi zilizocheza kati ya 1920 na 1948 zilikuwa za ngazi yake. Kamati iliyoongozwa na mwanahistoria John Thorn ilipewa kazi ya kuingiza hesabu za wachezaji zaidi ya 2300. Wachunguzi walikuwa wameanza kazi hiyo miaka mingi kabla, wakipekua magazeti ya zamani, hasa ya weusi, kwani magazeti ya wazungu mara nyingi hayakujali matokeo hayo. Gibson alitoka huko na wastani wa 0,372 kwa maisha yote, mbele ya 0,367 ya Cobb. Kwenye kipimo cha nguvu alipata 0,718, akimpita Babe Ruth mwenye 0,690.

Wako wanaolalamika. Wanasema mwaka wa ligi ya weusi ulikuwa na mechi 60 au 80, wakati wazungu walicheza 154, na ni rahisi kupata wastani mkubwa kwa mechi chache. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini mwaka 2020, kwa sababu ya korona, Ligi Kuu yenyewe ilicheza mechi 60, na hakuna aliyefuta hesabu za mwaka ule. Tena, Gibson hakuchagua ufupi wa shampiona yake. Na ikiwa Cobb na Ruth hawakupambana na warushaji weusi katika ligi yao, basi nao walicheza mbele ya sehemu tu ya wachezaji wa inchi yao.

Kamati ilikadiria kwamba karibu robo tatu ya karatasi za mechi za miaka ile zimepatikana. Robo iliyobaki bado inatafutwa kwenye magazeti yaliyooza na mikanda ya filamu ya maktaba, na kila mechi inayoonekana inaweza kupandisha au kushusha wastani wa mchezaji. Tofauti kati ya Gibson na Cobb, siku ya kutangazwa, ilikuwa 0,005.